Hati haionekani, je, bima ipo?

Binti yangu, pole sana kwa kufiwa na mumeo. Umeniandikia kwamba aliwahi kukudokeza, mara moja tu, kuwa amekata bima ya maisha. Sasa miezi mitano imepita, hati haijaonekana, na shemeji yako anashikilia kuwa bila karatasi hakuna bima, tena anakuona mwenye tamaa kwa kuuliza.

Shemeji amekosea. Hati ni ushahidi wa mkataba tu, na kumbukumbu hubaki kwa kampuni, ambayo inaweza kumtafuta marehemu kwa jina kamili, tarehe ya kuzaliwa na namba ya kitambulisho. Kazi yako ni kuijua kampuni hiyo, na mimi ningefuata nyayo za fedha kwanza. Iombe benki taarifa ya akaunti yake, ukiwa na cheti cha kifo na, pale sheria inapodai, barua ya usimamizi wa mirathi. Kisha uikague kwa miaka miwili nyuma, kwa kuwa wapo wanaolipia bima mara moja tu kwa mwaka. Muulize mwajiri wake kuhusu bima ya pamoja ya wafanyakazi, ambayo wengi huwa nayo bila kushika hati yoyote mkononi. Kama alikuwa na mkopo, uliza pia kama ulikatiwa bima, maana huenda unalipa deni lisilokuhusu. Na ukikuta jina la kampuni ambayo haipo tena, mamlaka inayosimamia bima ndiyo ya kuulizwa ni nani aliyerithi mikataba yake.

Ukiipata, jaza fomu ya madai na uambatanishe nakala zilizothibitishwa, ukibaki na hati halisi kila inapowezekana. Nakusihi ujiandae kwa jambo moja: anayelipwa ni mnufaika aliyeandikwa, na si ajabu ukakuta jina la mama mkwe, lililoandikwa kabla hamjaoana na likasahauliwa. Madai yakikataliwa, dai sababu kwa maandishi. Na yeyote atakayetaka umlipe kwanza ndipo fedha zitoke, mwepuke.

Shemeji usibishane naye. Mwombe mkoba wa karatasi za marehemu mbele ya ndugu mwingine mnayemheshimu nyote wawili, na muorodheshe kilichomo siku hiyohiyo.