MRI na mkono wa mama

Umeuliza kama MRI, yaani picha ya ubongo inayopigwa kwa mashine ya sumaku, inaweza kuonyesha iwapo mkono wa mama utarudi kufanya kazi baada ya kiharusi. Pole sana, ndugu yangu. Inasaidia kwa kiasi. Ukubwa wa jeraha la ubongo si kila kitu. Lilipo ni muhimu mno. Njia ya neva inayoshuka kutoka ubongoni hadi uti wa mgongo ikisalimika, matumaini ni makubwa. Picha zinazopigwa mgonjwa akikunja vidole huonyesha pande zote mbili za ubongo zikihangaika mwanzoni. Kwa wanaopona vizuri, kazi hurejea taratibu upande ulioumia. Na hata bila mashine, mwombe anyooshe vidole na kuinua mkono kutoka begani. Akiweza japo kidogo ndani ya siku 3 za kwanza, ni dalili njema. Asipoweza, mazoezi yaendelee vilevile.