Kabla bienale haijakuita, jipange nyumbani

Kyureta yeyote wa nje, yaani yule anayechagua wasanii na kupanga maonesho, akitua Dar, magrupu yetu ya WhatsApp yanawaka moto. Nani kaonana naye, kafikia wapi, ataenda studio ya nani, na wapo wale wanaopata taarifa wiki nzima kabla halafu kimya, mpaka mgeni ameshapanda ndege ndo picha zinaanza kupostiwa. Mimi nachora na pia nawasaidia wenzangu kutundika maonesho hapa mjini, nipo kwenye hii fani muda wa kutosha, na nimeona watu wakipata shavu la kwenda kuonesha kazi kwenye bienale, yale maonesho makubwa ya sanaa ya dunia ambayo kwa kawaida hurudi kila baada ya miaka miwili. Wengine shavu liliwainua wao na waliowazunguka, wengine liliwaacha pabaya kuliko walipokuwa. Hii nawaandikia wadogo zangu ambao zamu yao inakuja.

Msimamo wangu nauweka hapa hapa juu. Onyesho kubwa la kimataifa halijengi sanaa ya mji wowote, linakuza kile linachokikuta. Likikuta watu wanaoshikana mkono linakuza hiyo, likikuta watu wanaobaniana linakuza kubaniana.

Kwa ambao hawajafuatilia, Venice Biennale ndo kongwe kuliko zote, ilianza 1895, na inaendeshwa kama Sabasaba vile, nchi kila moja na banda lake, halafu kuna onyesho kuu ambalo kyureta mkuu anachagua mwenyewe wasanii wa kuwaweka. Sisi Tanzania tumeingia na banda kwa mara ya kwanza 2024, yaani miaka 129 baada ya wenzetu kuanza. Kuna Documenta ya Kassel, Ujerumani, ipo tangu 1955 na siku hizi ni kila baada ya miaka mitano. Senegali wana Dak'Art, bienale ya mji wa Dakar. Na hata hapa nyumbani bienale ya Afrika Mashariki, EASTAFAB, ilianzia Dar hii hii mwaka 2003, kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba sisi ndo tunaanza leo.

Majirani zetu wa Kenya yaliwakuta mapema. 2013, na tena 2015, banda lililobeba jina la Kenya pale Venice lilijaa wasanii wa China na Italia, Wakenya wenyewe wa kuhesabu, na 2015 wasanii wa Nairobi wakapiga kelele hadi serikali yao ikalikana lile banda. Mimi hapo naangalia kitu kimoja, wale watu waliweza kupiga kelele ikasikika kwa sababu walikuwa tayari wanajuana, wana studio, wana makundi, wana watu wanaoandika kuhusu kazi zao. Jiulize sisi tungefanyiwa hivyo nani angeanza kusema, na nani angemuunga mkono.

Johannesburg nao waliwahi kuwa na bienale yao, 1995 na 1997. Ile ya pili iliongozwa na Okwui Enwezor, Mnigeria ambaye baadaye aliongoza Documenta na Venice, na mpaka leo wataalamu wanaisifia. Lakini pesa za mji zilikata, ikafungwa kabla ya muda wake, na ya tatu haikuja kabisa. Moja ya malalamiko ya wakati ule ni kwamba watu wa mji wenyewe hawakuiona kama ni yao, na kitu ambacho watu wa mji hawakioni kuwa chao, siku hela ikikata hakuna wa kukitetea.

Sasa waangalie Dakar, hawa ndo nawapenda sana. Pembeni ya onyesho rasmi wana kitu wanaita OFF, msanii yeyote, mwenye galari, mwenye mgahawa, mwenye nyumba, anafungua mlango anaonesha kazi, na zinafika mamia mji mzima. Mgeni aliyekuja kwa ajili ya onyesho la serikali anajikuta anapita vichochoroni anaona kazi za watu ambao hakuna kamati iliyowachagua. Halafu 2024 serikali ikaahirisha bienale kutoka Mei mpaka Novemba, taarifa yenyewe imekuja dakika za mwisho, na wengi wa OFF wakasema sisi tunafungua kama tulivyopanga, wakafungua. Onyesho kubwa halikuwepo na mji ulikuwa na sanaa kila kona! Hiyo ndo afya ninayoitamani hapa kwetu, ya kwamba mgeni akija asije mambo yaende.

Na tunaweza kuanza na kidogo tu. Ukisikia kyureta anakuja, usimfiche. Chukua simu, piga kwa watu watano sita wenye studio, Mikocheni pale Nafasi, kituo cha studio za wasanii, kuna wengi, Morogoro Stores kwa watu wa Tingatinga wapo, Mwenge kwa wachonga vinyago wapo, kuna vijana wanachorea vyumbani kwao Mbagala na Gongo la Mboto ambao hakuna anayewajua. Pangeni ratiba ya siku moja, mchangishane usafiri, mgeni azungushwe. Najua unawaza atampenda mwenzako akuache wewe, inawezekana, lakini kyureta aliyeona kazi za watu kumi Dar anarudi, aliyeona mmoja kamaliza.

Kitu kinachoniuma zaidi ni mabadiliko yanayotokea kwenye kazi zenyewe. Mtu alikuwa anachora vizuri, foleni ya Ubungo, akina mama wa Feri wanaparua samaki, kazi za saizi ambayo mwalimu au mwanasheria wa hapa anaweza kununua akaweka sebuleni, kalipa kwa awamu mbili. Akishaalikwa nje mara moja bei inahamia kwenye dola, kazi zinakuwa kubwa haziingii nyumba yoyote ya Sinza, na maelezo yanaandikwa kwa maneno ambayo mama yake mzazi akisoma hatoelewa mwanae anafanya nini. Mialiko ya nje haiji kila mwaka, na katikati hapo kodi ya studio inadai. Yule mwalimu keshaondoka na kumrudisha ni kazi. Ushauri wangu, kuza kazi utakavyo ila usiache kabisa kutengeneza zile za saizi ya sebule, na bei ya mtu wa nyumbani iheshimu, huyo ndo anakulisha miezi ambayo hakuna barua pepe.

Kuhusu makaratasi nitasema haraka ila yashike. Onyesho kubwa kuwa na jina haimaanishi wanakulipa, wapo wanaolipa na wapo wanaokupa nafasi tu, uliza kwa maandishi: posho ipo, nauli nani, bima nani, usafiri wa kazi kwenda nani, na KURUDI nani. Hilo la kurudi nalipigia mstari, kazi yangu moja ilikaa stoo Ulaya muda mrefu sana kwa sababu waandaaji walilipia kwenda tu, onyesho likafungwa, wakaanza kunipiga danadana kwenye meseji. Karatasi za kutoa kazi nchini zitunze zote, siku inarudi ndo zitakazothibitisha kwamba ni mali yako imerudi nyumbani, siyo bidhaa mpya inayoingia. Ukiacha kazi kwenye galari kwa mali kauli, andikeni orodha, jina la kazi, saizi kwa sentimita, mwaka, bei, asilimia yao, tarehe ya kurudisha, na mpige picha mbele na nyuma. Na kama unaisafirisha kanvasi imekunjwa, zungushia kwenye bomba nene la plastiki, rangi iangalie nje siyo ndani, maana ikiwa ndani inajikunyata na ukifungua inapasuka, na usiweke gazeti juu ya rangi, wino unahamia.

Halafu kuna suala la kumbukumbu. Sam Ntiro, mzee wetu wa Kilimanjaro aliyesoma Makerere, picha yake ya 1956 ya wanaume wanampelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku iko MoMA, jumba la makumbusho ya sanaa ya kisasa la New York. George Lilanga, aliyefanya kazi Nyumba ya Sanaa hapa Dar, alikuwemo kwenye Africa Remix, lile onyesho lililoanzia Ujerumani 2004 likazunguka London, Paris, Tokyo mpaka Johannesburg, na yeye akafariki 2005 wakati bado linazunguka. Ni fahari kubwa hiyo, naisema kwa moyo wote. Ila kijana wa Temeke anayetaka kuona kazi ya Ntiro kwa macho yake, asogee auone mkwaruzo wa brashi, aende wapi? Ndo maana nawaambia wenzangu kila ukitengeneza kazi za kusafiri, moja ibaki. Isiuzwe. Ikae kwako, au kwa mtu unayemwamini hapa hapa mjini.

Na kabla kazi haijafungwa kwenye boksi, ioneshe Dar kwanza. Hii ndo desturi yetu pale studio siku hizi na nashauri kila mtu aige, jioni moja tu, hakuna hotuba, unaita majirani, fundi fremu, mama anayetulisha mchana, watoto wanaopita. Mwenzangu alikuwa anapeleka nje sanamu aliyoitengeneza kwa mabati na springi za gari alizonunua Gerezani, tukamwita na fundi aliyemuuzia. Yule mzee aliizunguka mara mbili hasemi kitu, kisha akachuchumaa akashika mguu wa ile sanamu akasema hii weldingi haitafika, ikitikisika kwenye meli inaachia. Kesho yake asubuhi karudi na mashine yake akarudia viungio vyote, na akatuonesha springi ipi ilitoka kwenye gari gani. Ile kazi ilifika salama, na pale ilipooneshwa mwenzangu alisisitiza jina la fundi liandikwe kwenye kibao, wakaandika. Sasa hivi yule mzee akipata chuma chenye umbo la ajabu anakiweka pembeni, anapiga simu.

Mfano mwingine uko Nairobi, kundi la Wajukuu kutoka mtaa wa Mukuru. 2022 walienda Documenta wakajenga mlango wa kuingilia ukumbi kwa mabati, kama mtaani kwao kabisa, na wakachukua tuzo ya Arnold Bode, ile yenye jina la mwanzilishi wa Documenta, mwaka huo huo. Kabla ya hapo walikuwa wameshafundisha watoto wa mtaani kwao kuchora kwa miaka mingi. Walipoitwa walienda kama kundi, na waliporudi mtaa ulikuwa unawasubiri.

Kwa hiyo ukirudi safari, siku za mwanzo mwanzo tu kabla hujazama kwenye shughuli, kaa na waliobaki. Waambie umelipwa shilingi ngapi, taja namba kabisa, nani alikusaidia viza, nani msumbufu, fomu zinafunguliwa lini, usiwape ile ya "Mungu ni mwema" peke yake. Mkataba wangu wa mwisho nimeubandika ukutani pale studio, nimeziba namba ya akaunti tu, anayetaka aje apige picha ajue vipengele gani vya kudai.