Nani Yuko na Shule Wakati wa Kusi?

Swali lenu la wiki lilikuwa: "Shule ya msingi ya mtaani kwenu inashirikiana na nani, na ushirikiano huo umewafaa nini watoto?"

Ninakaa Maweni, Malindi, na wanangu watatu wamepitia shule moja ya umma hapa mjini. Kwa miaka hiyo shule yetu imepata marafiki wengi wa kaskazi na wachache wa kusi. Hao wachache ndio waliowafaa watoto.

Kwa asiyeijua Malindi: kuanzia Desemba hadi Machi, majira ya kaskazi, bahari hutulia, hoteli hujaa Waitaliano, na mwenye mikono hakosi kibarua. Aprili mvua huingia, na kusi, upepo mkali wa kutoka kusini, nayo nyuma yake. Hoteli nyingi hufunga, madau madogo hayathubutu kuvuka mwamba, na katika nyumba nyingi sufuria hutelekwa mara moja tu kwa siku. Hapo ndipo mwalimu huanza kuona madawati matupu. Wageni waliokuja Januari na madaftari na kamera huwa wamekwisha kwenda zao. Siwalaumu, madaftari yalitumika. Lakini wako wafadhili waliotuchimbia kisima, wakaandika jina lao ukutani kwa herufi kubwa kuliko za jina la shule. Mwezi wa tano pampu ikafa. Simu tulipiga, haikupokewa. Watoto wakarudia kubeba maji ya madumu kutoka nyumbani, hata wale wadogo wa gredi ya kwanza.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba fundi wa pampu anaishi nyuma tu ya ukuta wa shule, na siku ya kuchimba hakuna aliyemwita. Tulipomwita sisi, alikuja jioni ile ile. Wazazi tukachanga pesa za vipuri, naye akakataa ujira. Sasa kila likizo huja kuikagua, na huwaita wanafunzi wakubwa wamshikie spana.

Shule za umma hazilipishi karo tangu mwaka 2003, na fungu lililopangwa na serikali ni shilingi 1,420 kwa mtoto kwa mwaka. Gawanya hizo kwa siku za masomo uone. Kwa hiyo majirani tunawahitaji, na bahati nzuri tunao wa kila namna. Darasani mwa kitinda mimba wangu kuna Wagiriama, Wabajuni, Waluo, Wasomali, Wakamba. Siku moja mwalimu aliwaomba watoto wamtajie maji kwa lugha ya nyumbani. Ubao ukajaa: madzi, mai, pi, biyo. Msichana wa Kigiriama aliyekuwa hafungui kinywa tangu ahamie mjini alisimama mara tatu kulirudia neno lake, maana wenzake walitaka kulisema sawasawa. Tangu hapo mabibi wa mtaani hualikwa kusimulia ngano, kila mmoja kwa lugha yake, na mjukuu wake akifasiri.

Halafu kuna mama karanga, hawa wanaokaanga samaki jioni barabarani. Mmoja wao huja kusaidia hisabati gredi ya nne. Aliwauliza: samaki wa shilingi 300, mafuta ya 100, nikiuza vipande 20 kwa shilingi 30, nimebaki na ngapi? Mikono ikapanda, mia mbili! Mtoto mmoja pale nyuma akauliza, "Na kuni, mama?" Yule mama alinyamaza kidogo, kisha akamwambia aje mbele awafundishe wenzake. Mamake pia hukaanga.

Lakini mkinitaka nitaje ushirikiano mmoja tu, nitataja uji. Kuanzia Mei hadi Agosti mwenye mashine ya kusaga hutoa unga, wauza mkaa hupokezana wiki kwa wiki, na wazazi tuna zamu ya kupika, Mkristo na Mwislamu jiko moja. Hakuna bango wala picha. Tulikubaliana hayo katika mkutano wa chama cha wazazi, chini ya mwarobaini, na mwenye mashine ndiye aliyesema kwanza kwamba asitajwe.

Juni iliyopita mwalimu wa gredi ya nne alinifungulia rejista. Wiki nzima walikosekana watoto wawili tu, na wote wawili walikuwa na tetekuwanga.