Gari likiwaka, tushangilie au tukimbie?

Msomaji wetu wa Nakuru, mama aliyestaafu kazi ya ukarani, ameniletea swali hili:

"Mwalimu, hujambo. Nilimwandikia shemeji yangu wa Tanga nikimkumbusha enzi zetu. Niliandika: 'Peugeot 504 ya marehemu baba ilipowaka pale mteremkoni, sote tulishangilia. Nako ofisini, kompyuta ikishawaka tu, stima zinapotea, kompyuta inazima na barua yote inapotea nazo.' Shemeji ameuliza kwa nini tulishangilia gari la mzee kuungua, na ni stima gani hizo zilizopotea Nakuru ilhali hatuna bandari. Je, Kiswahili changu kina kasoro, au ananitania?"

Anakutania, mama. Shemeji asipokutania, nani akutanie? Hata huko Tanga gari likigoma asubuhi watu husema haliwaki, na hakuna anayekimbilia ndoo ya maji.

Kuwaka ni kitenzi cha moto na mwanga: moto unawaka, taa inawaka, jua linawaka. Kutoka hapo tukapata kuwasha, ile k ya mwisho ikigeuka sh kama ilivyo katika ruka na rusha, chemka na chemsha, anguka na angusha. Mtu aliwasha jiko, akawasha chemli. Gari lilipokuja halikuundiwa kitenzi chake, lilipewa hicho hicho cha jiko, na halikuonewa. Ndani ya injini ya petroli plagi hutoa cheche, hewa na petroli vikaungua, pistoni ikasukumwa. Fundi anayekuambia gari limewaka anasema kweli tupu. Kompyuta ndiyo iliyoazima. Humo ndani hakuna kinachopaswa kuungua, na kikiungua utajua kwa harufu. Lakini ilikuwa na kitaa chake cha kijani na kioo kilichong'aa, basi ikapita mlango wa taa.

Walakini, utani wa shemeji una chembe ya haki. Ukiandika "gari liliwaka" bila kitu kingine, msomaji anategemea muktadha tu. Ndiyo maana tuna maneno ya kuondoa shaka: gari lililochomeka liliungua, liliteketea, au lilishika moto. Angalia jinsi neno moja linavyogeuza mambo: injini ikishika, safari imeanza, ikishika moto, safari imekwisha. Katika hadithi nako utakuta mtu "akatia gari moto, akaondoka". Hakuchoma chochote, maana aliondoka nalo. Mimi napendelea akaliwasha. Mwandishi asimwache msomaji akisubiri zimamoto.

Kwako wewe muktadha ulitosha, kwa sababu ulitaja mteremko. Yeyote aliyepata kuamka alfajiri na gari la kabureta anajua mteremko ule ulikuwa wa nini. Jina la 504 lilianza mwaka 1968 na likashinda Safari Rally mwaka 1975 na tena 1978, lakini ushindi huo haukuisaidia betri ya mzee asubuhi ya baridi. Baridi ikizidi, petroli haigeuki mvuke vizuri, basi unavuta choki ili hewa ipungue na mchanganyiko uwe mzito. Ikishindikana, watoto wanaitwa. Ufunguo umewashwa (kitenzi kile kile tena!), gia ya pili, klachi chini, mnasukuma mpaka gari lishike kasi, kisha dereva anaachia klachi kwa ghafla. Gari linaruka kama mbuzi aliyekanyagwa mkia, linakohoa, linawaka. Wasukumaji hubaki nyuma na moshi wao. Kushangilia hapo ni halali kabisa, mama.

Upatanisho wako pia ni sahihi. Neno gari liko katika ngeli ya LI-YA: gari hili liliwaka, magari haya yaliwaka. "Gari hii" na "gari zetu" utazisikia kutoka stendi ya Nakuru hadi Kisumu, na kwa mdomo sina ugomvi nazo, ila katika maandishi rasmi ziache. Wewe hukutaja gari, ulitaja Peugeot, na jina la kigeni la namna hiyo huenda na I-ZI. Kwa hiyo "Peugeot iliwaka", lakini "gari la baba liliwaka".

Sasa stima. Hapa shemeji amevaa miwani ya pwani, na miwani hiyo ni ya zamani kuliko yetu. Neno lilitoka Kiingereza likiwa na maana ya meli ya mvuke, na kwa maana hiyo hata sisi wa bara tulikuwa na stima zetu. Reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, mji ukiitwa bado Port Florence, ziwani ilikuwapo tayari SS William Mackinnon, iliyoletwa kwa vipande na kuungwa huko huko ufuoni. Babu wa Kisumu akisema stima imepotea, angemaanisha watu wamezama. Mjukuu wake akisema hivyo, anatafuta mshumaa. Kenya neno lilipanda nchi kavu likaingia kwenye nyaya, na leo stima ni umeme. Hata wingi wetu ni wa ajabu: "stima zimepotea", utadhani ni mbuzi waliotoka zizini. Tanzania umeme hukatika kama kamba, kwetu hupotea. Ukiandika taarifa ya watu wote, sema umeme umekatika. Katika barua ya kumbukumbu za Nakuru, usithubutu kubadilisha. Stima zilipotea, na zilipotea hivyo hivyo.

Kuhusu kompyuta, najua kuna watakaoniuliza mbona sikukusahihisha uandike tarakilishi, neno ambalo ukilisikiliza utasikia tarakimu na akili ndani yake. Ni neno zuri, na mwanafunzi anayeandika insha alitumie. Lakini wewe unakumbuka herufi za kijani kwenye kioo cheusi, na diski zile pana zilizopinda mkononi, za kilobaiti 360, ambazo leo hazingebeba hata picha moja ya simu. Kwenye meza ile sikumbuki kusikia mtu akisema tarakilishi. Acha kompyuta.

Kosa lako, mama, ni moja tu, na shemeji hakuliona: "kompyuta inazima". Kuzima kunataka kitu cha kuzimwa: mtu anazima taa, anazima moto. Kompyuta inazima nini? Sema inazimika. Najua Wakenya wengi husema gari limezima, simu imezima, lakini tofauti hii inafaa kuhifadhiwa, hasa kwa mtu aliyefanya kazi ofisini. Ilizimwa: kuna mtu. Ilizimika: hakuna mtu.

Mimi nilijifunza uzito wa silabi hiyo kazini, miaka ya mwanzo ya tisini. Kompyuta yetu ilikuwa moja, imefunikwa kitambaa kama maiti, na chumba chake kiliingiwa bila viatu. Siku hiyo barua ndefu ilikuwa imefika ukurasa wa nne, haijahifadhiwa kwenye diski, na kilichokuwa hakijahifadhiwa kiliishi kadiri umeme ulivyoishi. Kioo kikawa cheusi. Mkubwa akatoka mbio akauliza, "Nani ameizima?" Nikamjibu kwa sarufi safi kabisa: "Haikuzimwa, bwana. Imezimika." Alitazama dari, akalaani stima, akarudi ofisini kwake.

Taa ya dari ilikuwa inawaka. Hakuiona. Nami nikavuta mguu wangu polepole kutoka kwenye ile waya.