Crown ambayo hatujainunua

Mhariri, wiki hii mmeuliza kama Toyota Crown ya cc 2500 bado ni gari la kununua kwa bei hizi za mafuta. Swali lenu nimelisoma nikiwa jikoni. Sebuleni mume wangu alikuwa anapekua picha za Crown Athlete kwenye simu, kama anavyofanya kila usiku tangu mwaka jana. Nikaona bora nijibu mimi kabla hajajibu yeye.

Jibu ni hapana. Mafuta sitayasemea sana, kila mtu anajua hali inavyokuwa EWURA, wasimamizi wa bei ya mafuta, inapotangaza bei Jumatano ya kwanza ya mwezi. Kodi nayo: injini ikizidi cc 2000, ushuru wa bidhaa ni asilimia 10, wakati Toyota IST yetu ndogo ya cc 1298 iko kwenye asilimia 5. Gari likipita miaka 10 unabandikwa asilimia 30 nyingine ya uchakavu. Na V6 ya Crown inataka plagi sita, si nne kama IST. Lakini hayo yote mtu mwenye hela anayamudu. Mimi nauliza hilo gari litapita wapi, maana nililipanda siku moja na sijasahau.

Machi 2019 bibi yake mume wangu alifariki, Kilolo, mkoani Iringa. Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, alikuwa na Crown ya lile toleo la 2008, nyeusi, nguvu za farasi zaidi ya 200. Akasema basi la nini, twendeni wote. Tukatoka Kimara saa kumi alfajiri: yeye kwenye usukani, mama mkwe mbele, mimi na mume wangu na mtoto nyuma. "Saa nne tunakunywa chai Iringa," akasema.

Kufika Morogoro alikuwa ameshapigwa tochi ya mwendo kasi mara mbili. Faini elfu sitini hiyo. Spidomita ya gari lile inaishia 180, vibao vya kila kijiji vinasema 50, na askari wanajua kabisa gari la aina gani litawasahau. Mikumi tukatambaa na matuta kilomita kama hamsini za hifadhi, twiga wanatutazama. Ruaha Mbuyuni tukanunua vitunguu, kwa sababu ukipita Ruaha Mbuyuni bila vitunguu, msibani utaulizwa.

Halafu mlima Kitonga. Wanaoijua njia ile hawahitaji maelezo: upande mmoja mwamba, upande mwingine korongo, na mbele yako malori ya Zambia na Kongo yanapanda kwa mwendo wa mtu aliyebeba gunia. IST pale unazima AC na kumwomba Mungu. Shemeji alisubiri, akapata kipande kilichonyooka, akakanyaga. Gari halikulia wala halikutetemeka. Migongo yetu tu ndiyo iliyobanwa kwenye viti, malori mawili yakabaki nyuma, tukarudi upande wetu kama hakuna kilichotokea. Mimi nilikuwa kwenye Salamu Maria ya tatu. Mume wangu akanigeukia macho yakimng'aa kama ya mtoto aliyeona sherehe: "Umeisikia?" Sikusikia kitu. Nafikiri hicho ndicho alichokuwa anamaanisha.

Tulipoacha lami mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Mita mia tatu tu, gari likakaa tumbo kwenye tuta la matope katikati ya barabara, magurudumu ya nyuma yanazunguka yakitupaka tope wote tuliokuwa tunasukuma. Vijana wakalitoa kwa elfu kumi. Likarudishwa barabarani, likaegeshwa mbele ya duka la mzee mmoja aliyetusalimu "kamwene" na kuahidi kulilinda. Kilichotufikisha msibani ni Noah kuukuu iliyobeba watu kumi na moja na viazi. Mama mkwe alikaa juu ya gunia.

Tulilala siku tatu. Siku ya pili mume wangu akaaga anakwenda kununua vocha. Vocha zilikuwepo jirani tu na nyumba ya msiba. Alirudi baada ya saa mbili, viatu vimejaa tope, na nikajua ametembea hadi dukani kwa yule mzee kuliangalia gari. Gari la mdogo wake! Sikumwambia kuwa najua. Akisoma hapa ndiyo atajua leo.

Nilitaka niishie hapo, kwa sababu kwangu hiyo ilikuwa hoja tosha. Sasa nimekumbuka safari ya kurudi. Mama mkwe kwenye basi hutapika tangu Ilula hadi Morogoro, na akishuka Dar mgongo unamlaza siku mbili. Siku ile alilala. Aliamka Chalinze, akauliza kama tumeshafika Kitonga. Na mume wangu, ambaye ada za watoto watatu amelipa na mpaka leo anavaa saa aliyopewa na marehemu baba yake, hakuongea njia nzima. Alikuwa anatazama tu mikono ya mdogo wake kwenye usukani.

Kwa hiyo kwa mtu wa mshahara bado nasema hapana. Kwa foleni za Dar, hapana mara mbili. Shemeji mwenyewe alikuwa anapata kilomita sita kwa lita. Ila kama mtu ana mama wa kumpeleka Iringa mara mbili kwa mwaka, na deni hana, na atakubali kupeleka fundi akague oili ya injini na ya giaboksi kabla hajashika kalamu, na hatanunua iliyoshushwa ikawekewa rimu za maonyesho, na IST haiuzwi, hiyo ya kwenda sokoni na kijijini ibaki palepale ilipo, basi huyo tunaweza kukaa naye tukazungumza.

Anataka nyeusi. Kwa vumbi la mtaa wetu, itakuwa nyeupe.