Koili ya omu 0.5 inanimalizia chaji: niibadilishe betri?

Swali: Fundi, shikamoo. Niko Chumbageni, Tanga. Vepu yangu (sigara ya umeme) ilikuja na koili, ule waya unaopasha moto, ya omu 1.5, na chaji ilikuwa inanifikisha jioni. Rafiki yangu akanishauri niweke ya 0.5, eti ukinzani mdogo hauichoshi betri. Moshi umeongezeka kweli, lakini saa sita mchana imeshazima, tena inachemka mkononi. Nina betri nilizozitoa kwenye kompyuta mpakato mbovu, saizi ileile ya 18650. Niweke mojawapo?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Nianzie mwisho: usiweke.

Rafiki yako kageuza mambo. Ukinzani, unaopimwa kwa omu, ndio unaozuia umeme. Ukiupunguza, umeme unapita kwa wingi, na wote unatoka kwenye betri hiyohiyo. Chukua volti, gawa kwa omu, unapata ampea. Betri ya lithiamu tuihesabu volti 3.7. Koili ya zamani ilikuwa inavuta ampea 2.5 hivi, yaani wati 9. Hii mpya inavuta 7.4, wati 27. Betri ya mAh 2500 (yaani ampea 2.5 kwa saa moja) ambayo ingehimili saa nzima ya kubonyeza mfululizo, sasa inakupa dakika 20. (Na huo unaouita moshi ni mvuke. Nikotini iko palepale, usijidanganye.)

Kuchemka nako kuna sababu yake. Betri yenyewe ina ukinzani ndani, na unaongezeka inavyozeeka. Tuseme yako imefika omu 0.1. Kwa koili ya zamani, joto lililokuwa linabaki ndani ya betri ni nusu wati tu. Kwa hii mpya ni karibu wati 4, maana joto hilo hupanda kwa mraba wa ampea. Juu ya hayo, zaidi ya nusu volti inapotelea humohumo, kwa hiyo kifaa kinadhani chaji imekwisha kabla haijaisha.

Sasa hizo za kompyuta. Usidanganywe na saizi: 18650 ni milimita 18 kwa 65, basi, haikuambii betri inaweza kutoa ampea ngapi. Nyingi za kompyuta hazikutengenezwa kuzidi ampea 5 hivi. Ikijaa hadi volti 4.2, koili yako itaidai 8.4. Hapo ndipo betri inapofura, au kuwaka.

Rudisha ya 1.5, au ya omu 1 kama unataka mvuke kidogo zaidi. Kama kifaa chako kina kitufe cha volti, kipandishe taratibu: kutoka 3 hadi 4 ni theluthi tu, lakini wati zinakaribia kuongezeka mara mbili, na pamba inayoshika kimiminika kwenye koili ikikauka utaonja kuungua.

Safisha pia vile vishikizo vya betri kwa spiriti. Upepo wetu wa bahari una chumvi, na kutu ya kijani inaongeza ukinzani pale usipoutaka. Ukipita Ngamiani niletee betri niipime ikiwa na mzigo, yaani ikiwa inatoa umeme, ila usiitie mfukoni pamoja na funguo.