Sajini taji wakiwa wanne tunawaitaje? Na afisa mteule ni afisa?

Swali: Mwalimu shikamoo. Nina steshenari hapa Nkuhungu, Dodoma, nimeletewa kazi ya kadi za kumuaga mzee mmoja anastaafu jeshi. Yeye ni Afisa Mteule Daraja la Pili, na kwenye waalikwa kuna sajini taji wanne. Niandike "masajini mataji"? Na hao maafisa wateule wengine niwaweke kundi moja na maafisa?

Jibu: Marahaba mwanangu. Andika masajini taji. Taji usiliguse, hapo linamwelezea tu sajini, sawa na makoplo usu. Ila mteule limetokana na kuteua so linamfuata mtu wake, maafisa wateule, halafu daraja la pili linabaki hivyohivyo hata wakiwa mia.

Na hilo taji ni taji kweli, la mfalme. Jeshi la Uingereza mwenye cheo hicho anavaa V tatu na taji juu yake, na askari wetu kabla ya uhuru walikuwa KAR, jeshi la Mwingereza, basi mfalme kaondoka, Septemba 1964 ikaundwa JWTZ, jina likabaki. Mi huwa nacheka, jamhuri nzima hii mwenye taji ni sajini! Usu lenyewe kazi yake ni kushusha ngazi moja tu, koplo usu yuko chini ya koplo, luteni usu chini ya luteni.

Sasa afisa mteule, hapa ndo wengi wanateleza. Huyu kaanzia askari wa kawaida akapanda koplo, sajini, sajini taji mpaka hapo, miaka kibao, na bado kijana wa juzi aliyetunukiwa kamisheni na Rais akawa luteni usu anamzidi cheo, mzee ndo anapiga saluti. Kwa hiyo kundi la maafisa linaanzia luteni usu, wateule hawamo. Kosa sio lako, ni la jina: Waingereza walikitaja cheo hiki kwa hati anayopewa mtu, sisi tukasema mteule, kwani luteni hakuteuliwa? Mi ningekiita afisa wa hati, ila nimechelewa sana.

Sajini au sajenti yote sawa, chagua moja usichanganye kwenye kadi.

Na usianze na "Afande" kabla ya cheo, hilo ni la mdomoni. Ni efendi ya Kituruki, Wajerumani walikuja na askari wa Kisudani 1889 na vyeo vyao vya Kituruki, koplo anaitwa ombasha, sajini shaushi, hata boma la Mpwapwa limeyasikia hayo. Leo ombasha hakuna anayemjua, afande kila kona.

Mzee mwenyewe mpe meza ya mbele bila kuangalia kundi, shughuli si yake?